Kifundo kinauma? Lete kwanza hilo gitaa nilione

Wapiga gitaa wa hapa Tanga ninaowajua karibu wote wameshawahi kulalamika kifundo cha mkono wa kushoto, na jibu wanalopewa ni lile lile, we kaza tu utazoea. Mi hilo silikubali kabisa. Ncha za vidole sawa, zinauma mwanzoni, ngozi inaota sugu, yanaisha. Kifundo hakioti sugu jamani. Mle ndani kano za vidole na neva zinapita kwenye kanjia kembamba, sasa ukikunja mkono halafu ukabana kwa nguvu zinasuguana zinavimba, na kadri unavyokaza ndo unazidi kuchochea.

Ndo maana mtu akiniambia kifundo kinamuuma naomba kwanza nilione gitaa lake. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, mbao inavuta maji, ubao wa mbele unabinuka na daraja (pale nyuzi zinapofungwa) linapanda nalo, kwa hiyo gitaa kavu, lile lisilo la umeme, ulilonunua likiwa laini unakuja kushtuka masika nyuzi ziko juu huko na we unadhani mkono umeishiwa nguvu. Kupima ni rahisi. Chukua kadi za benki tatu (azima hata ya shemeji), zipange pamoja uzichomeke kati ya uzi mnene na freti ya 12 (vile vyuma vya shingoni, hesabu kuanzia kichwani). Zikikaa kwa kubanana kidogo uko vizuri, hiyo ni milimita mbili na kitu. Zikiingia nne na nafasi bado ipo, hapo hupigi gitaa, mnapigana.

Dawa yake kile kipande cheupe kinachokaa kwenye daraja, unalegeza nyuzi unakichomoa unakisugua kwa msasa upande wa CHINI, sio juu, weka msasa kwenye kioo ili kisiende upande, unasugua kidogo unarudisha unapima. Ukitoa milimita 1 pale, kwenye freti ya 12 zinashuka kama nusu tu, kwa hiyo usikate tamaa mapema ila usizidishe pia, nyuzi zitaanza kulia zzzz na kipande kingine hapa mjini utakitafuta. Na ukinunua nyuzi uliza namba ya unene, maana muuzaji anakupa tu "za gitaa". Seti ya 10 inabonyezeka kirahisi kuliko ya 12, sauti inapungua kidogo, mi naona bora hivo.

Baada ya gitaa ni kiti. Vile viti vya plastiki vyenye mikono, vya harusini na msibani, ndo adui mkubwa kabisa na watu hawavisemi. Ukikaa nacho ule mkono wa kiti unalizuia gitaa lisikae pajani vizuri, shingo ya gitaa inalala chini, na ili ufikie freti za mwanzo lazima kifundo ukipinde kama shingo ya bata. Tafuta stuli au benchi, vaa mkanda hata kama umekaa, inua shingo ya gitaa kidogo uone kifundo kinavyonyooka chenyewe. Kidole gumba kisibane, kipumzike tu nyuma ya shingo.

Kuhusu F ya bare inayoua watu, ile chodi ya kidole kimoja kulala juu ya nyuzi zote, weka kapo (kile kibanio cha shingoni) freti ya kwanza ukiwa unajifunza, inashusha nyuzi pale mwanzoni. Halafu nani kasema lazima ubonyeze nyuzi zote sita? Mji huu ulitoa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, sikiliza yale magitaa, mtu wa solo anatembea na nyuzi mbili mbili huko juu ya shingo wala habanii chodi nzima. Ukiwa na besi nyuma yako nyuzi tatu zinatosha sana.

Kuchua, shangazi yangu ana mafuta yake na akikushika unasikia raha kweli, lakini kurudi kwenye gitaa usiku ule ule ni kazi bure. Hivo hivo kumeza diklofenaki ili umalizie shoo, maumivu yanajificha tu na we unaendelea kuumia. Pumzika siku kadhaa, ukirudi anza taratibu, kidogo kidogo na mapumziko.

Ila ganzi ni kesi nyingine. Ikiwa kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa ikikuamsha usiku ukawa unakung'uta mkono, neva ya katikati inabanwa. Ikiwa kidole cha mwisho na cha pete, kwa sisi watu wa baiskeli inaweza kuwa ni kule kuegemea usukani na kiganja. Zote mbili usizisikilizie, nenda hospitali mapema, na ukifika mwambie daktari kabisa kwamba unapiga gitaa na unaendesha baiskeli, maana asipojua hayo anaweza kukuandikia vidonge tu ukarudi nyumbani.