Shemeji wa Nakuru na kelele ya gari la Sheffield

Kazi yangu hapa Sheffield ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Saa kumi na mbili asubuhi nishafika kwa bibi wa kwanza, nimwogeshe, nimpe chai na dawa, kisha nikimbilie wa pili upande mwingine wa mji, na mji wenyewe ni milima mitupu. Bila gari, kazi hiyo huna. Kwa hiyo gari lilipoanza kugonga huko nyuma, ko-ko, ko-ko, kila nikipita lami iliyochubuka, nilianza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba na pesa za kutuma nyumbani.

Gereji ya jirani ililiendesha kidogo, ikanitoza ada ya ukaguzi, ikasema nibadilishe shoki zote mbili za nyuma, zile zinazotuliza mrusho wa springi. Siwaiti wezi. Huku saa ya fundi ni ghali, na kufunga spea mpya kwa kubahatisha ni rahisi kuliko kuihoji kelele mpaka ijitaje. Ila anayelipia hiyo bahati nasibu ni mwenye gari.

Nikampigia shemeji. Ni mume wa dada yangu, na gereji yake ya jua kali iko upande wa Shabab, Nakuru. Nilikuwa nimemtumia kelele niliyoirekodi kwa simu. Akacheka.

"Shem, hapa nasikia upepo na redio yako. Achana na hiyo. Wewe nijibu maswali tu."

Swali la kwanza lilikuwa kwenye buti mna nini. Akataka nitoe kila kitu: jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, chupa za maji, hata zulia. Kisha nitikise kiti cha nyuma nione kama kimejifunga sawasawa. Anasema wateja wengi humletea "shoki mbovu" ambayo ni jeki imefunguka mahali pake. Nikatoa vyote. Kelele ikabaki, tena sasa ilisikika vizuri zaidi.

Akauliza kama inaongezeka na mwendo hata kwenye lami laini, mvumo usiokatika. La. Basi beringi akaiweka kando, kwa sababu beringi mbovu huvuma kufuata mwendo wa gurudumu, haingoji shimo. Akaniambia nipite penye barabara mbaya huku nimegusa breki kidogo tu. Kelele ikinyamaza hapo, mshukiwa ni pedi ya breki au kaliper, kile chuma kinachoibana, inayocheza. Haikunyamaza.

Jaribio lililofuata ndilo lililonifurahisha. Nitafute tuta lililokatiza barabara nzima, nilipande polepole magurudumu yote mawili ya nyuma yakipanda pamoja. Halafu nitafute shimo la upande mmoja. Sababu yake ni hii: chuma cha stebilaiza, kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona, hufanya kazi pale gurudumu moja linapopanda na jingine linabaki chini. Yakipanda yote sawa, chuma hicho kinazunguka tu bila mzigo, na linki zake, vile vyuma vifupi vinavyokishika kila upande, hata zikilegea mara nyingi hunyamaza. Gari langu liligonga kote kuwili, shimoni na kwenye tuta, kwa hiyo linki si mshukiwa. Tena shemeji akakumbuka kuwa magari madogo mengi ya aina yangu nyuma hayana hata hizo linki. Magurudumu mawili yameshikwa na mhimili mmoja wa chuma unaojipinda, basi.

Dada mmoja wa Kakamega ninayeishi naye alikaa kiti cha nyuma, kiganja kwenye bodi juu ya gurudumu, nikaendesha. Sauti hudanganya ndani ya gari kwa sababu bodi yote huitika, lakini mtikiso huo mdogo wa kugonga unausikia mkononi. "Ni kulia huku," akasema kabla hata hatujafika mwisho wa mtaa.

Shemeji akaamua: bushi, yaani raba za kwenye maungio ya vyuma vya chini. Na kwa Nakuru angekuwa na haki ya kuamua hivyo. Magari yanayomfikia yametoka barabara za ndani za Kaptembwo na Kiamunyi, vumbi, mawe, matuta yasiyo na alama, na abiria kupita kiasi. Bushi za raba ndizo huchanika, shoki huvuja mafuta, springi hulala na watu hutia raba katikati ya mizunguko kuinua gari. Lakini ni mtu wa kumaliza kazi, akaniomba kipimo kimoja cha mwisho. Gari likiwa mahali tambarare, nipime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia.

Kulia kulikuwa chini kwa upana wa kidole.

Kimya kidogo kwenye simu. "Shem, bushi haishushi gari hivyo. Mwambie fundi wa huko aangalie springi, mzunguko wa chini kabisa, pale inapokalia. Wewe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, unanisikia?"

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa gereji nyingine aliliinua, akapangusa matope, akanionyesha: kipande cha mwisho cha springi kimekatika na bado kimelala kwenye kikombe chake. Kwa mbali ungeona springi nzima. Huku jambo hilo ni la kawaida sana. Majira ya baridi malori hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu isishike. Maji ya chumvi hukaa kwenye kikombe hicho, jiwe likishabandua rangi kutu huanza kutafuna chuma, na chuma cha springi kikipata kidonda hupasuka kwa mzigo wa kila siku. Springi iliyovunjika ni ya kukuangusha kwenye ukaguzi wa lazima ambao magari ya Uingereza hufanyiwa kila mwaka yakitimiza miaka 3.

Shoki ambazo ningebadilisha zilikuwa kavu, hazina tone la mafuta.

Zikafungwa springi mbili, za kushoto na kulia, ili gari lisiinuke upande mmoja. Shemeji alikuwa amenikabidhi agizo moja zaidi: boliti ya chini ya shoki ikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Boliti hiyo hupita kwenye bushi, na ikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hubaki imejipinda kama nguo iliyokamuliwa, ichanike mapema. Fundi Mwingereza aliniangalia, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Nakuru.

Picha ya kile kipande nilimtumia shemeji. Sasa anaionyesha wateja wake pale Shabab, wengine hawaamini kuwa chumvi inaweza kuvunja chuma. Nikamtumia na ya chai kwa M-Pesa. Jibu likaja papo hapo: "Asante shem. Hii ni ya ushauri. Ya kusikiliza ile rekodi yako bado."