Siku moja maishani mwangu: Bi Mkubwa anataka fayaplesi Chukwani

Saa 11 alfajiri

Adhana na baridi ndo vinaniamsha. Baridi ndio, msinicheke, mwezi wa 7 huu, kipupwe kimekaa, na ukipanda bodaboda Fuoni alfajiri bila sweta utajijua mwenyewe. Naswali, mama keshabandika chai ya tangawizi, nakula chapati mbili na maharage ya jana, ya tatu nakula huku navaa viatu maana kijana wangu wa kazi keshapiga simu mara mbili, "dada uko wapi, mie nshafika".

Kwa wasionijua, mie mpambaji. Na kila nikisema hivyo naulizwa jukwaa la arusi nakodisha bei gani na vile viti vya dhahabu nnavyo vingapi. Sipambi maharusi jamani. Napamba nyumba, tena zaidi kuta, watu wananiita wakishanunua makochi na zulia na mapazia na sebule bado inawakataa hawajui kwa nini.

Saa 2 asubuhi

Nipo Chukwani. Mwenye nyumba mie namwita Bi Mkubwa na yeye ananiita mwanangu, karudi mwaka jana baada ya kukaa Leicester, Uingereza, miaka 22, kajenga nyumba ya tofali karibu na bahari, upepo unaingia mpaka mapazia yanataka kuruka. Na ndani ya nyumba hiyo anataka fayaplesi, lile tundu la ukutani la kuotea moto. Sebuleni. Unguja hii hii.

Siku ya mwanzo aliponambia nilicheka, nakiri, nikamwambia Bi Mkubwa huo moto ataota nani, Januari humu watu watalala na feni mbili. Yeye hakucheka. Katoa simu kanionesha picha ya sebule yake ya kule, kijichumba kidogo tu, ukuta mmoja umetokeza mbele kama kifua, katikati tundu, juu ya tundu rafu imejaa picha za wajukuu na kadi za Idi na saa ya mezani na picha ya marehemu mumewe pembeni. Pande mbili za kile kifua kuna mapengo, yamejazwa vitabu na msahafu. Akanambia, "mwanangu, miaka yote ile nikitoka kazini nakaa hapa naangalia pale."

Nikafunga mdomo wangu.

Usiku ule niliingia kugugo. Kumbe kile kifua ndo dohani, nyumba zao za zamani dohani inapita ukutani toka chini mpaka juu ya paa, ndo maana ukuta unatokeza ndani ya chumba ukaacha mapengo mawili. Na makaa ya mawe yenyewe walianza kuyaacha zamani, ule moshi uliofunika London Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, ikaja sheria ya hewa safi mwaka 1956, watu wakahamia gesi na umeme taratibu. Hata ya Bi Mkubwa ilikuwa ya gesi, yale makaa unayoyaona ni ya kupambia tu. Yaani wenyewe moto wameuaga, ukuta wakaubakisha. Nikajua basi hapa naombwa pahala pa kutua macho, na hiyo kazi naiweza.

Saa 3

Kifua tushakijenga wiki iliyopita kwa tofali, kimetokeza sentimita 35, upana mita 1 na 60, tundu lina upana 90 na kimo 70. Leo ni kugawa ukuta. Mie sianzi na rangi, naanza na ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, nabandika ukutani umbo la kila kitu kitakachokaa, rafu hapa, kioo hapa, halafu nakwenda kukaa kochini naangalia tu. Kijana wangu mwezi wake wa kwanza kazini alidhani mie mvivu.

Ubishi wa leo ni tivii. Mtoto wa Bi Mkubwa kapiga video toka Leicester, anataka tivii ya inchi 55 juu ya tundu kama anavyoona mitandaoni, na kila mtu siku hizi anataka hivyo sijui nani kawaroga. Nikamwambia kaka hebu tupige hesabu. Rafu iko mita 1 na robo kutoka chini. Tivii yako kimo chake karibu sentimita 70, ukiiweka juu ya rafu, kati yake inafika mita 1 na 60 hivi. Mtu akikaa kochini macho yake yako kwenye mita 1 na 10. Mama yako atakuwa anaangalia taarifa ya habari kama anatafuta mwezi wa Ramadhani! Bi Mkubwa alicheka akashika mbavu, na hapo ubishi ukafa. Tivii imehamia ukuta wa pembeni, tena ule usiotazamana na dirisha maana ukiitazamisha na dirisha mchana unajiona mwenyewe tu.

Juu ya rafu pale tunaweka kioo, upana wake kama theluthi mbili ya rafu, kisiwe kimeenea rafu nzima kama kofia ya kuazima, na kiinuliwe sentimita 10 tu kutoka kwenye rafu, watu wananing'iniza vitu juu mno, picha iko peke yake huko karibu na dari haina jamaa.

Saa 5

Daladala mpaka Darajani, nimebanwa dirishani na mama mmoja na kikapu cha ndizi, sina la kusema hapo. Nikaingia Mji Mkongwe kutafuta shaba. Nilitaka sinia kubwa la zamani, la kuegemeza ukutani. Muuzaji kaniona nimevaa vizuri akaanza na laki na nusu, nikamwambia mwanangu mie wa hapa hapa, tukapandishana tukashushana mpaka elfu 70, likiwa limepinda ukingo kidogo na mie ndo navyopenda, lile jipya linalong'ara kama sufuria la dukani silitaki. Nikaongeza mrashi wa kunyunyizia marashi, mdogo, shingo ndefu.

Saa 6 kasoro

Nikapita kwa mzee wangu, fundi wa nyumba za kale, yuko Kiponda anatengeneza ukuta. Shikamoo babu, marahaba, kaa hapo usikanyage chokaa. Huyu ndo mwalimu wangu na nampitia kila nikiwa na kazi ya ukuta, na sababu ni aibu moja nlioipata miaka minne nyuma.

Nilipewa sebule ya nyumba ya kale, ukuta wa mawe na chokaa, una madoa ya unyevu. Mie na ujuaji wangu nikaufunika jipsam, juu wolpepa ya maua, taa za rangi ya buluu pembeni, picha nikapiga, watu wakasifu. Masika ilipokuja ukuta ukaanza kunuka. Kufungua, nyuma ya jipsam ukungu mweusi kama masizi na wolpepa inabanduka yenyewe. Nilirudisha pesa, nusu mwaka nikawa nakwepa mtaa ule. Mzee ndo aliyenifahamisha, kuta zile zinanyonya maji kutoka ardhini na zinayatoa kwa kupumua, chokaa inaruhusu, ukiziba kwa simenti au rangi ya mafuta au hayo majipsam yako unyevu unakwama ndani, na chumvi ikitaka kutoka inasukuma rangi mpaka inabanduka magamba magamba. Angalia kuta za mjini zilizopigwa simenti utaona.

Leo kanionesha zidaka za nyumba anayoitengeneza. Kama hujapata kuziona, ni vile vijidirisha visivyotokea nje, vimepangwa ukutani safu kwa safu, vingine vimechongwa nakshi kwenye lipu ya chokaa, humo ndo walikuwa wanaweka sahani za kichina na vitabu na mirashi. Chumba chenyewe kirefu kama treni na upana hata mita 3 hazifiki, maana dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haiendi mbali zaidi ya hapo, ndo nyumba zote za kale vyumba vyake vyembamba. Basi katika wembamba ule unakaa, ukuta uko mbele ya pua yako, wangeuacha mtupu ungekusonga. Wakautoboa zidaka, vivuli vikaingia, jicho likapata pa kwenda.

Nikamweleza habari ya fayaplesi. Aliweka mwiko chini kabisa.

"Moto sebuleni? Moto wa sebuleni sie tunao, wa chetezo cha udi. Huo mwengine wa jikoni."

Nilimwangalia nikataka kumbusu mkono.

Saa 7

Adhuhuri, halafu urojo wa haraka, kachori mbili, bhajia, chatne ya nazi nyingi, pilipili nikasema kidogo akatia anavyojua yeye. Nimerudi Chukwani na ndoo mbili za chokaa ya mzee iliyokaa majini miezi, laini kama samli iliyoganda, dereva wa taksi kanitoza pesa ya mzigo na ya kinyongo.

Saa 8

Lipu. Niseme ukweli, nyumba ya tofali haihitaji chokaa, huku ni kwa sura tu. Lakini chokaa haing'ari, mwanga ukiipiga unalala juu yake, na pia haiungui, jipsam ina karatasi juu na zile mbao za kubandika ndo usiseme, mie karibu na moto wowote siziweki hata kama moto wenyewe ni wa udi.

Kwanza tumekwangua kiraka kimoja ambacho fundi wa mwanzo (hakuwa wangu) alipiga lipu kwa mchanga wa pwani, chumvi imetoka juu kama unga wa sembe, hiyo hata upake rangi gani itarudi. Kisha tukachokoa ukuta kwa tindo ili lipu ipate pa kushika, tukaulowesha, chokaa kipimo 1 mchanga safi vipimo 3, mkono mwembamba usiofika sentimita 1. Kijana kavua glavu ati zinamsumbua, nikamwambia vaa, chokaa inaunguza ngozi na ikikurukia jichoni utajuta. Inakauka polepole, haipendi jua wala upepo na huyu mama upepo wote wa Chukwani kauleta kwake, tukafunga madirisha tukatundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Jasho sasa, na kipupwe chenu.

Kwenye mapengo mawili ya pembeni ndo nimeweka zidaka, tatu huku tatu huku, tumezipanga kwa tofali nyembamba. Mapengo ya Leicester yalibeba vitabu na msahafu, zidaka hizi zitabeba hivyo hivyo, msahafu ukae kidaka cha juu kabisa, na wajukuu kwenye rafu.

Saa 10

Alasiri. Bi Mkubwa akataka tujaribu kile kisanduku chake cha moto wa umeme alichokileta kwenye kontena. Plagi imeingia bila adapta, kama za kwao. Hita yake wati 2,000, nikamwambia hii ni unit 2 kwa saa, ukiwasha saa 4 kila jioni unit 8 zimekwenda na jasho juu. Akazima hita akabakisha taa za miale tu, hiyo haili kitu, kama balbu. Tukakaa tukaangalia. Miale inapanda inashuka, inapanda inashuka, ile ile. Mjukuu wake wa miaka 6 akauliza, "bibi, mbona moto hauchoki?"

Bi Mkubwa akasema kitoeni, kitakwenda chumbani kwa wageni. Mie sikusema neno, nikategemeza lile sinia la shaba ndani ya tundu, mbele yake nikaweka mrashi, na ndani ya tundu, nyuma ya ukingo wake wa juu, nikaficha kitaa kimoja cha mwanga wa njano ule wa jioni. Shaba ikawaka ukutani yenyewe. Akaniuliza na hapa katikati pa wazi panakaa nini? Nikamwambia chetezo chako, lakini Bi Mkubwa, sio leo, chokaa mbichi, tupe angalau wiki 2 na nije nikutilie kigae kwenye dari ya tundu moshi usishike.

"Sawa mwanangu, sawa."

Saa 1 usiku

Nyumbani, mikono imekauka kama karatasi, napaka mafuta ya nazi. Mama anauliza moto wa yule mgonjwa wako umewaka? Namwambia hajaumwa mama, kakumbuka nyumba. Mama akatazama ukuta wetu, tivii, kalenda ya 2019 anayoipenda kwa picha ya Makka, maua ya plastiki niliyoyapigia kelele miaka 10 hayatoki. "Na mie siku moja unipambie." Siku moja wapi, nikianza na kalenda tu tutagombana.

Saa 3 na nusu usiku

Nshalala nusu, voisi ya Bi Mkubwa, dakika 2 nzima. Dada zake wamekuja toka Pemba bila taarifa, wamekaa wote mbele ya ukuta, wanausifu, mmoja kataka kujua tundu la nini, na "mwanangu mie nikaona si vibaya". Sauti za kicheko nyuma, vikombe, mtu anakohoa. Halafu picha. Magunia yametupwa pembeni, chetezo katikati ya tundu, udi unafuka, sinia linawaka, na juu ya chokaa yangu ya saa 8 mchana alama nyeusi ndefu kama ulimi.

Nimeseti alamu saa 11. Nimemwandikia kijana aje na mwiko na chokaa iliyobaki, tindo pia.

Kisha nikaifungua ile picha tena.