Namna ninavyozuia kihisi cha sukari kisibanduke kabla ya siku zake

Kihisi cha sukari ni kifaa kidogo ambacho mwenye kisukari hukibandika kwenye ngozi kipime sukari yake mchana na usiku. Kihisi kinachoning'inia siku ya sita kwa kawaida kiliharibiwa dakika tano za mwanzo, kabla hata plasta ya juu, ile ya kukishikilia, haijatolewa kwenye karatasi yake. Hilo nilichelewa kulikubali. Nilikuwa natafuta plasta kali zaidi, kumbe tatizo lilikuwa mafuta ya ngozi, jasho na pembe za utepe. Sasa vihisi vinamaliza muda wake, siku 14 kwa FreeStyle Libre 2 na siku 10 pamoja na saa 12 za nyongeza kwa Dexcom G7, na plasta ninayotumia ni ya kawaida kabisa.

Gundi iliyo chini ya vihisi hivi ni ya jamii ya akrilati, inayoshika kwa kukandamizwa. Haikauki kama gundi ya mbao. Inajisambaza polepole na kujaza vijibonde vya ngozi, na huchukua karibu saa 24 kufikia nguvu yake yote. Joto la mwili na mkandamizo huiharakisha. Ikikuta mafuta, losheni, jasho au seli zilizokufa, itashika vitu hivyo badala ya ngozi. Na hata ikishika vizuri, ngozi humwaga tabaka lake la juu kila siku, kwa hiyo ukingo lazima utaanza kuachia wakati fulani. Kazi ya plasta ya juu ni kuchelewesha wakati huo. Haiwezi kuokoa kihisi kilichobandikwa juu ya mafuta.

Ngozi naiandaa hivi. Naoga kwa sabuni isiyo na vilainishi. Ile inayoiacha ngozi nyororo na ya kuteleza ndiyo adui. Losheni siipaki mkono utakaobandikwa kihisi tangu siku iliyotangulia. Nikishajikausha nasubiri dakika 15 hadi 20, kwa sababu ngozi iliyotoka kwenye maji ya moto huendelea kutoa jasho jepesi lisiloonekana. Kisha nafuta kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, eneo lote litakalofikiwa na plasta ya juu, si pale kihisi kitakapokaa tu. Pamba ya kwanza hutoka na uchafu hata kama nimetoka kuoga sasa hivi, basi nachukua ya pili. Halafu naacha ikauke yenyewe. Sipulizi kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na vijidudu. Spiriti isiyokauka hulegeza gundi na kuchonyota sindano inapoingia.

Vinyweleo vikiwa vingi navipunguza kwa mashine siku moja kabla. Wembe unaacha mikwaruzo midogo, na mikwaruzo hiyo ikikutana na spiriti kisha ikafunikwa kwa gundi wiki mbili, muwasho utakaotokea utadhaniwa ni aleji.

Mahali pa kubandika pana uzito kuliko aina ya plasta. Kwa Libre ni nyuma ya mkono wa juu, penye nyama laini, angalau sentimita 2.5 kutoka mahali pa kuchoma insulini. Nasimama mbele ya kioo, nakunja kiwiko, nainua mkono, nautupa nyuma. Ngozi inapokunjamana au kuvutika sana napakwepa. Nakwepa pia upande wa nje kabisa, unaokutana na fremu za milango na mikanda ya mabegi. Na nafikiria ubavu ninaolalia: ukilalia kihisi, majimaji ya kati ya seli ambayo ndiyo yanayopimwa husukumwa pembeni, namba inashuka, na kengele ya sukari ya chini inakuamsha bure. Plasta haina tiba ya hilo.

Kihisi kikishaingia, nakandamiza ukingo wake wote kwa kidole kama sekunde 30, nikizunguka. Kubonyeza juu katikati peke yake kunaacha kingo zikiwa zimeegemea tu.

Kwa wanaotoka jasho sana kuna gundi ya maji ya kupaka kwanza, kama Skin Tac. Napaka duara lenye uwazi katikati, ili pale sindano na uzi wa kihisi (ule unaobaki chini ya ngozi ukipima sukari) vinapopita pabaki ngozi tupu. Nasubiri dakika moja hivi hadi ikiguswa inanata bila kulowesha kidole. Ikipakwa nene haikauki ndani, na kihisi kinateleza juu yake kama juu ya asali. Wengine hupuliza dawa ya kuzuia jasho isiyo na manukato kwenye duara hilohilo, wanaacha dakika 10, wanaifuta, ndipo wanapitisha spiriti. Inasaidia, mradi isifike katikati.

Sasa plasta yenyewe. Nimezigawa kichwani mwangu mafungu matatu.

Utando mwangavu wa poliyurethani, kama Tegaderm au Opsite, unapitisha mvuke wa jasho lakini hauruhusu maji kuingia. Ni mzuri kwa kuogelea, na unaona kinachoendelea chini yake. Lakini unapitisha mvuke tu. Jasho likiwa la kutiririka linakwama ndani, ngozi inageuka nyeupe na kukunjamana, kisha kila kitu kinabanduka kwa pamoja. Kitambaa cha plasta cha hospitali kinachouzwa kwa mizunguko, kama Hypafix, kinapumua vizuri zaidi na kinafuata mwendo wa ngozi, ila kinafyonza maji na kingo zake huchukua uchafu na nyuzi za nguo. Fungu la tatu ni utepe wa misuli wanaotumia wanamichezo, pamba iliyochanganywa na nyuzi za kuvutika. Huo ndio ninaoutumia mara nyingi, na ndio unaobandikwa vibaya kuliko yote.

Kosa la kwanza ni upana. Mizunguko mingi ya utepe huo ina upana wa sentimita 5. Libre 2 ina kipenyo cha milimita 35, kwa hiyo kila upande inabaki milimita 7.5 ya utepe inayogusa ngozi. Hiyo haitoshi, mimi nataka angalau sentimita 2 kila upande. Natumia utepe wa sentimita 10, nakata duara la sentimita 8 lenye tundu la sentimita 3.5 katikati, nabaki na ukanda wa zaidi kidogo ya sentimita 2. Libre 3 ni ndogo, milimita 21, na duara la sentimita 6.5 linaitosha. Nina kigezo cha kadi ngumu nilichokichora mara moja, nakata plasta kumi kwa mkupuo. Mwenye utepe wa sentimita 5 tu akate vipande viwili vya sentimita 9 na kuvipitisha kama msalaba, tundu likiwa pale vinapokutana.

Kosa la pili ni pembe. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunaswa na mkono wa shati. Duara halina pembe. Ukikata mraba au ukanda, zungushia kila pembe kwa mkasi.

La tatu, na hili ndilo linaloumiza, ni kuvuta utepe wakati wa kuubandika. Utepe wa misuli unavutika upande wa urefu, na hata ukiwa kwenye karatasi yake tayari umevutwa kidogo. Ukiuvuta zaidi, utajitahidi kurudi kwa siku kumi mfululizo huku ukiburuta ngozi. Matokeo ni malengelenge madogo kwenye ncha, na watu huapa kuwa gundi imewakataa. Ninavyofanya: mkono wenye kihisi nauweka juu ya bega la upande wa pili, ili ngozi ya nyuma iwe imeshanyooka. Karatasi ya plasta naipasua katikati, nashikisha kwanza sehemu iliyo karibu na kihisi, kisha natoa karatasi kidogokidogo kuelekea nje nikiulaza utepe bila kuuvuta hata kidogo. Upande unaovutika naufuatisha na urefu wa mkono, kwa sababu ngozi ya hapo hunyooka kuelekea kiwikoni. Mwisho nausugua kwa kiganja dakika nzima, joto liingie.

Tundu au kufunika kote? Kwa Libre 2 napendelea tundu. Maelekezo ya mtengenezaji ni kwamba kitundu kidogo kilicho katikati ya kihisi kisizibwe. Pia plasta yenye tundu naweza kuibadilisha katikati ya safari bila kung'oa kihisi. Kwa mtoto anayechokonoachokonoa, kufunika kote kuna maana. Hapo nakata kipande kidogo cha plasta ileile, ukubwa wa kihisi, nakibandika gundi kwa gundi katikati ya plasta kubwa, kisha natoboa tundu dogo juu ya kile kitundu. Sehemu inayokaa juu ya kihisi inakuwa haina mnato, na siku ya kuitoa haiondoki na kihisi. Mawasiliano ya simu hayasumbuliwi na kitambaa wala plastiki.

Plasta ya juu naiweka siku ileile, saa ileile. Kusubiri ukingo uinuke kwanza ni kubandika juu ya vumbi. Na napachika jioni baada ya kuoga, ili maji ya kuoga yafuatayo yaje karibu siku nzima baadaye. Chini ya saa 12 ni mapema mno.

Kuhusu kuogelea: Libre 2 inaruhusiwa mita 1 kwa dakika 30, Dexcom G7 mita 2.4 kwa saa 24. Hizo ni namba za kihisi, si za gundi. Nikitoka majini nabonyezabonyeza kwa taulo, sisugui, na nakausha kingo za utepe kabla ya kuvaa. Kitambaa kilicholowa chini ya nguo ya kubana hubaki kimelowa saa nyingi.

Ukingo ukiinuka, mkasi. Nakata kile kilichoinuka tu, nikizungusha, na kama kimebaki kidogo naweka duara jipya juu ya lile la zamani. Kung'oa plasta nzima ili nianze upya nimeacha, maana mara mbili kati ya tatu kihisi kilifuata. Ikiwa kihisi chenyewe kimeinuka, hapo nawaza uzi. Uzi uliotoka haurudishwi kwa kubonyeza, na ulionusurika nusu unaweza kuendelea kutoa namba zinazoonekana za kweli. Napima kwa tone la damu kidoleni wakati sukari imetulia, kwa kuwa kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na namba zikiachana sana sitegemei kihisi hicho kuamua dozi ya insulini. Gundi ya papo kwa hapo ya kubandikia viatu isikaribie ngozi. Inatoa joto inapokauka na inaunguza. Utepe wa mafundi nao haupitishi jasho hata kidogo, siku mbili tu ngozi imelowa.

Ngozi ikiwasha, kwanza natofautisha. Muwasho wa kuvutwa au wa jasho hukaa kwenye ncha na hupoa siku moja au mbili baada ya kutoa plasta. Aleji ya kweli huchelewa kuanza, mara nyingi siku mbili hadi nne, hufuata umbo la gundi au kulivuka, na kila kihisi kipya huileta mapema na kwa ukali zaidi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo napapasa: joto, vipele, ngozi iliyokazana au kugeuka ya zambarau. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi walieleza kuwa kemikali iitwayo isobonili akrilati ndiyo iliyokuwa ikiwasha baadhi ya watumiaji wa vihisi, na ilikuwa imetoka kwenye kasha la plastiki ikapenya hadi kwenye kibandiko. Maana yake ni kwamba kubadilisha plasta ya juu hakusaidii kitu ikiwa kinachowasha kiko kwenye kihisi. Kujua ni kipi, nabandika kipande cha plasta peke yake, sentimita 2 kwa 2, sehemu ya ndani ya mkono mwingine kwa saa 48, na naendelea kuangalia siku mbili baada ya kukitoa.

Muwasho mdogo hutulizwa na dawa ya kukinga ngozi inayoacha utando, kama Cavilon, ikipakwa na kukauka kabla ya kihisi. Wengine huweka plasta ya haidrokoloidi, ile nene ya kufunikia vidonda, chini ya kihisi. Ukifanya hivyo, kata tundu ili sindano ipite kwenye ngozi tupu; uzi wa Libre unaingia takriban milimita 5 tu, na unene wa plasta unaula urefu huo. Malengelenge yanayovuja, wekundu unaosambaa, usaha au homa ni vya kupeleka hospitali, kihisi kikiwa kimetolewa.

Kutoa kuna ufundi wake. Nalowesha kingo kwa mafuta ya watoto, nasubiri dakika 5 hadi 10, nainua ukingo mmoja na kuukunja juu yake wenyewe, nikivuta sambamba na ngozi, taratibu, kuelekea vinyweleo vinakolala. Mkono wa pili unaibonyeza ngozi pale plasta inapoachia. Kuvuta kwenda juu kunaondoka na tabaka la ngozi. Mafuta yaliyobaki nayaosha kwa sabuni mara mbili, kihisi kinachofuata nakiweka mkono mwingine, na nikirudi mkono huu nasogea sentimita 2 au 3 kutoka kwenye alama ya zamani.