Siku moja maishani mwangu: nusu ya mdomo wa skima

Saa 12 asubuhi

Kazi yangu ni mabwawa ya kuogelea. Leo yako mawili kwenye ratiba, na naanza na kubwa: mita 10 kwa 5. Napenda kufika kabla ya mtu yeyote kutia mguu majini, kwa sababu muda huo maji yametulia na yanasomeka. Dogo ninayemfundisha kazi kanitangulia, kainama juu ya skima, kile kisanduku cha ukutani ambacho mdomo wake huvuta uchafu wa juu ya maji, kafunua mfuniko, kachungulia.

"Fundi, shikamoo. Maji yamepungua."

"Marahaba. Umeangalia wapi?"

Kaangalia ndani ya skima, pampu ikiwa inafanya kazi. Hapo lazima aone pungufu. Pampu ikivuta, maji yaliyo nyuma ya kilango, kile kibao kinachoelea mdomoni mwa skima, hushuka chini kuliko ya bwawani. Nikampeleka upande wa pili, tukautazama mdomo wenyewe kutoka mbele. Mdomo huu una kimo cha sentimita 15, na mstari wa maji umekata karibu katikati, pengine sentimita moja chini ya nusu. Mimi huvumilia kuanzia theluthi moja ya mdomo mpaka theluthi mbili. Kwa hapa ni kati ya sentimita 5 na 10 kutoka ukingo wa chini. Nikiwa na uhuru wa kuchagua, nachukua nusu kamili.

Nikachukua jani kavu nikaliweka juu ya maji, kama hatua mbili kutoka mdomoni. Likasogea kivivu, likasita, likageuka kidogo. Lilipokaribia kilango likashtuka kama limevutwa na uzi, likapita juu ya ukingo na kutumbukia kwenye kikapu. Ule mshtuko ndio ninaoutafuta kila asubuhi. Kilango kinaelea na kuinama kidogo, kikiacha tabaka jembamba la juu tu lipite, na tabaka jembamba hupita kwa kasi. Vumbi, mafuta ya ngozi na wadudu wote wanakaa hapo juu.

Saa 1

Kupima maji. Klorini miligramu 2 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.4. Sina la kusema zaidi, siku nzuri ni zile ambazo vipimo havina habari.

Saa 2

Geji ya presha ya filta imepanda kutoka bar 1 hadi karibu 1.5, kwa hiyo mchanga ulio ndani yake unahitaji kuoshwa kwa kurudisha maji nyuma. Dogo akashika mkono wa valvu. Nikamzuia: ongeza maji kwanza.

Tukapiga hesabu chini kwa chaki. Pampu hii inatoa takriban lita 200 kwa dakika. Dakika 3 za kuosha ni lita 600, na zote zinakwenda kwenye mtaro. Bwawa la mita 10 kwa 5 lina lita 500 katika kila sentimita moja ya kina. Maana yake tutapoteza zaidi ya sentimita moja, na asubuhi hii tulishakuwa chini ya nusu. Kuosha mara moja hakukaushi skima, lakini fundi anayeosha filta kila wiki bila kufidia ataisikia pampu ikikoroma baada ya wiki chache, halafu atalilaumu jua.

Mpira wetu wa maji unatoa lita 20 kwa dakika, kwa hiyo sentimita moja ni dakika 25. Nikatega kengele ya simu. Huwa sikosi kutega, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliacha mpira wazi jioni nikaenda kulala. Muda wa saa kumi, kwa lita 20 za kila dakika, ni lita 12,000. Asubuhi bwawa lilikuwa limefurika mpaka bustanini, na skima imezama kabisa, majani yanazunguka juu yake kama hayaijui. Mteja hakunigombeza. Alinitazama tu, na mpaka leo nauona uso ule.

Saa 5

Simu kutoka bwawa la pili. Mlinzi, mtu mzima, sauti imejaa wasiwasi: "Fundi, pampu inalia kama inatafuna kokoto. Nimeongeza maji tangu asubuhi, bado inalia."

"Shikamoo mzee. Izime sasa hivi, nakuja."

Kokoto hizo ni hewa. Pampu inayozunguka bila maji ya kutosha hupata moto, na sili yake (kizibo kinachozuia maji yasivuje), ambayo hupozwa na maji hayohayo, huungua. Baada ya hapo inaanza kuvuja pale nyuma, na mteja ananunua sili au pampu nzima kwa sababu ya maji ya sentimita chache.

Nilipofika, maji yalikuwa juu ya theluthi mbili za mdomo, karibu yafunike. Kwa hiyo tatizo halikuwa upungufu. Nikaiwasha pampu kwa sekunde chache: kwenye mfuniko wake wa plastiki, povu tupu. Nikazima, nikapiga magoti, nikatia mkono kwenye skima. Kilango kimesimama wima, hakitikisiki. Nikapapasa bawabani mwake nikakuta kijiti, kifupi kuliko kidole changu kidogo, kimebanwa kwenye pembe. Kilango kilikuwa kimegeuka mlango uliofungwa: bwawani maji tele, nyuma yake pampu inakausha kikapu na kuvuta hewa kupitia mfuniko wa juu.

Nikakivuta kijiti. Nikafungua mfuniko wa pampu, nikaijaza maji, nikapangusa mpira wa mfuniko, nikafunga. Ilipowaka ilikohoa mara mbili, kisha povu likayeyuka na maji yakawa kama kioo.

Mzee akafurahi, akadhani tumemaliza. Nikamwonyesha majani. Yanafika mdomoni, yanagusa ukuta wa juu, yanageuka na kwenda zake. Maji yakiwa juu hivi, kilango kinazama na ule mvuto wa tabaka jembamba unapotea. Bwawa hili ni mita 8 kwa 4, na tulitaka kushusha sentimita 4, yaani lita 1,280. Tukageuza valvu kwenye mtaro kwa dakika sita na nusu. Kumwaga maji aliyoyakinga mwenyewe kulimuuma, nilimwona. Nami kuliniuma, ila jua lingechukua wiki nzima au zaidi kuyashusha, na majani yasingesubiri.

Saa 9

Nimerudi bwawa kubwa. Watoto 12 wako majini na dogo ana hofu mpya: "Fundi, sasa yamezidi!"

Yamepanda kweli. Mtoto wa kilo 35 akizama anasukuma takriban lita 35. Mara 12 ni lita 420, ambazo hapa ni milimita 8 hivi, bado mawimbi. Nikamwambia asiguse kitu. Wakitoka, maji yatashuka chini ya pale yalipokuwa, maana kila mtoto ataondoka na maji kwenye nguo, na mengine wameshayarusha sakafuni. Wakati wa kuogelewa mimi sipimi kabisa.

Saa 11

Watoto wameondoka, sakafu imelowa hatua tano kila upande. Mstari uko sentimita moja na nusu chini ya nusu. Mwenye bwawa akaja na swali alilolibeba wiki nzima: "Fundi, hili bwawa halivuji kweli?"

Hatukubishana. Tukaongeza maji mpaka nusu ya mdomo, tukafunga bomba. Nikachukua ndoo, nikaiweka kwenye ngazi ya pili na jiwe ndani isielee, nikaijaza mpaka maji ya ndani yakalingana na ya nje. Alama ya penseli ndani, alama nyingine nje. Jua na upepo vitakunywa ndoo na bwawa sawasawa, pengine milimita 4 au 5. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tutaanza kutafuta ufa.

Saa 12 jioni

Pampu imeachwa ikifanya kazi, kilango kinapumua taratibu. Hakuna atakayeogelea kesho mpaka tusome alama, na nimeomba mvua isinyeshe. Dogo kaandika saa kwenye ukingo wa ndoo kwa kalamu, kubwa kuliko lazima. Ufunguo wa bomba la maji nimeondoka nao mfukoni.