Aibu ndiyo iliyonitia hofu: nilivyoizoea kazi ya CNA

Watu wakikusimulia kazi ya CNA huku Marekani, yaani msaidizi wa wauguzi, mimi nikiwahudumia wazee kwenye makao yao, hukutisha kwa mambo mawili, maumivu ya mgongo na harufu. Mimi hayo hayakunisumbua sana. Kilichoninyima usingizi kabla ya kuanza ni aibu. Nimelelewa Tanga kwa bibi, na kwetu mtoto akijua mtu mzima yuko bafuni hupitia njia nyingine. Leo nipewe beseni na taulo, niambiwe nikamwoshe mzee anayelingana na babu yangu, mwili mzima, huku ananitazama usoni?

Kozi yenyewe ni fupi. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka saa zisizopungua 75 za mafunzo, 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya msimamizi, halafu mtihani. Majimbo mengine yameongeza. Hapa Minnesota wameishia kwenye 75. Zinatosha kukufundisha la kufanya. Kutulia ni habari nyingine.

Aibu niliitibu kwa kitu ambacho darasani nilikiona kama alama za mtihani tu. Unamfunika mtu kwa shuka, unafunua mkono mmoja, unaosha, unasuuza, unakausha, unaufunika, ndipo unahamia mwingine. Uso kwanza, macho kwa maji matupu bila sabuni, kuanzia pembe ya ndani kwenda nje. Sehemu za siri huja baadaye, kwa maji mapya na glavu mpya, kutoka mbele kwenda nyuma. Nilipofanya hivyo kwa mzee wa kweli nikagundua kwamba mwili wake haukuwa wazi wote hata mara moja. Hapo nikakumbuka nyumbani, nilipowasaidia wazee wa mtaa kuosha maiti: pale pia shuka haiondoki, mkono unapita chini yake. Kumbe heshima ile naijua tangu zamani. Kazini sikumweleza mtu, wangeshtuka kusikia nawaza maiti nikiwa na mtu aliye hai, lakini tangu siku hiyo mikono ilipungua kutetemeka.

Kuna akina mama wasiotaka kuoshwa na mwanamume. Ni haki yao, na sheria ileile ya 1987 inawalinda. Mwanzoni nilidhani kukataliwa ni kufeli. Siku hizi namwita mwenzangu wa kike, tunabadilishana kazi, basi.

Jambo la pili alinifundisha dada mmoja Mkenya, Mkisii, kama walivyo Wakenya wengi wa huku Minnesota. Aliniona naingia chumbani kimya, nimekunja uso. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukinyamaza hivyo na yeye anaogopa. Sema unachofanya." Nikaanza kusema kila hatua kabla ya kuifanya: sasa nashusha kitanda, sasa nakugeuza kwangu, maji yakiwa ya moto niambie. Nilipokuwa nikisema nilikuwa pia napumua, kwa sababu huwezi kuongea huku umebana pumzi. Tena nilikuwa na wasiwasi na lafudhi yangu ya Kiingereza. Ila sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo sauti yangu nzito, isiyo na haraka, inayosemwa ana kwa ana, wazee waliisikia vizuri kuliko ya vijana wazaliwa wa hapa wanaoongea mbiombio.

Hofu ya kumwangusha mtu ilibaki, na sidhani inafaa iishe yote. Niliipunguza kwa kusoma. Kila mkazi wa makao ana karatasi inayoeleza anavyohamishwa: kwa msaada wa mtu mmoja, watu wawili, au mashine ya kunyanyulia. Naipitia mwanzoni mwa zamu kabla sijagusa mtu. Ikisema wawili, siingii peke yangu hata taa ya wito mlangoni pake ikiwaka namna gani. Kisha breki za kitanda na za kiti, viatu visivyoteleza, mkanda wa kumshikia kiunoni mwa mkazi. Aliyepata kiharusi kiti huwekwa upande wake wenye nguvu, ili aongoze kwa mguu unaomsikiliza. Nikishayakagua hayo, moyo hauna tena cha kuuliza.

Kitu kidogo kilichonisaidia ni kunawa. Tunanawa kabla na baada ya kila mtu, na kusugua mikono kwa sabuni si chini ya sekunde 20. Hizo nilizifanya zangu: natoa pumzi taratibu, naweka kando yaliyotokea chumba kilichopita, nakumbuka jina la anayefuata. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umesimama kwenye sinki. Kahawa, kwa upande mwingine, ilinizidishia mtetemo. Nikaiacha hadi mapumziko.

Sijaizoea zamu ya usiku. Watu tunakuwa wachache, taa za wito zinawaka pamoja, na mwenye shida ya kumbukumbu huamka akidhani amechelewa kazini au wanae wadogo wanamsubiri. Nimeomba nibaki asubuhi. Dada yule anazipenda za usiku kwa ajili ya nyongeza ya mshahara, na akipungukiwa mtu hunipigia kwanza mimi. Mara nyingine nakubali.