Siku Moja Kazini: Kutembeza Wageni Paris Usiku

Saa 9 alasiri. Kazi ya usiku huanza jua likiwa bado juu, kwa kuangalia saa ya machweo. Mwezi Juni jua la Paris huzama karibu saa 4 usiku. Katikati ya Novemba, kama leo, ni saa 11 jioni na dakika chache. Naangalia pia kama treni za metro za njia ya 1 na ya 6 zinatembea kawaida. Moja ikikwama, mpango mzima unabadilika.

Saa 11 jioni. Uani Louvre, kasri la zamani ambalo sasa ni jumba la makumbusho, mbele ya piramidi ya vioo ya msanifu majengo I. M. Pei, iliyozinduliwa 1989. Wageni wafike kabla ya giza. Kwa kama nusu saa baada ya machweo anga huwa ya buluu iliyokolea, na mwanga wake hulingana na wa taa, hivyo vioo, vyuma na paa la kasri vyote huonekana. Giza likikamilika paa humezwa, picha ikabaki taa tupu.

Saa 11:45. Njia ya 1 hadi kituo cha Charles de Gaulle–Étoile. Watu wanatoka kazini, mabegi yote kifuani. Arc de Triomphe, lango kubwa la ushindi, imezungukwa na barabara 12, na hakuna anayevuka ule mzunguko kwa miguu: tunapita njia ya chini kwa chini, hata kama mtu ana haraka kiasi gani.

Saa 12:30. Chini ya lango, mwenge kwenye kaburi la askari asiyejulikana unawashwa upya, kama kila jioni tangu 1923. Kisha ngazi 284 hadi juu ya lango. Mwenye magoti mabovu aseme mapema.

Saa 1 kamili, juu. Giza likishaingia, mnara wa Eiffel humetameta kwa dakika 5 kila saa mpya inapoanza. Mara hii tunautazama kwa macho tu.

Saa 1:35. Njia ya 6, vituo vitatu hadi Trocadéro, uwanja unaotazamana na mnara, kwa ajili ya mmetameto wa saa 2. Balbu 20,000 zinawaka na kuzima kwa zamu zisizotabirika. Ukiacha simu kwenye hali ya usiku, inakusanya mwanga wa sekunde kadhaa na mnara unageuka bonge jeupe. Zima hali hiyo, zima na flashi, gusa mnara kwenye kioo, punguza mwanga. Video huutendea haki zaidi. Wakati huo wote wanaangalia juu, na vibaka wanajua hivyo. Simu moja mkononi, vingine ndani ya zipu.

Saa 2:20. Tunapanda tena njia ya 6 kuelekea Bir-Hakeim, tukikaa upande wa kushoto. Baada ya kituo cha Passy treni inavuka mto Seine juu ya daraja na mnara unajaza dirisha kwa sekunde chache. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya ziara, kwa nauli ya kawaida.

Anayetaka kurudi kuutazama mnara peke yake aangalie kwanza saa ya kuzimwa taa zake. Mwaka 2022, bei ya umeme ilipopanda, jiji liliamua mnara uzimwe saa 5:45 usiku badala ya saa 7.