Siku moja maishani mwangu: chumba cha fiziotherapia

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijapiga mswaki natumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nafumba na kufumbua viganja mpaka vidole gumba vilegee. Wengi wa kazi yetu huumwa hapo, kwenye shina la dole gumba, kwa miaka ya kubonyeza migongo ya watu. Vikiamka vimekakamaa, siku nzima inakuwa ndefu.

Saa kumi na mbili nimeshasimama kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto. Saa mbili kasoro robo nimetandika shuka vitanda vitatu, nimechemsha maji ya pakiti za joto, nimepanga mafaili.

Mtaani kwetu wanajua nafanya kazi hospitali. Wakiulizwa nafanya nini wanajibu, "Anachua watu." Ndiyo maana nimeamua kuandika. Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, niliisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, na kabla sijaruhusiwa kumgusa mgonjwa nilitakiwa kujua kila msuli unaanzia mfupa gani, unaishia wapi, na unaamrishwa na mshipa upi wa fahamu. Kuchua kumo ndani ya kazi hii, lakini ni sehemu ndogo sana.

Saa mbili mpaka saa nne walipita mama lishe mwenye goti lililosagika, dereva wa bodaboda aliyefunguliwa plasta ya kiwiko, na mwalimu mwenye shingo. Wote walikuja kwa wakati, wakafanya mazoezi yao, wakaenda.

Saa nne aliingia mzee wa bega. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akapanda kitandani bila kuambiwa. Ana kisukari, na wenye kisukari huandamwa sana na bega kuganda. Mkono hauendi juu wala haugeuki nje. Namlaza chali, kiganja kimoja nakiweka karibu na kwapa, kingine kinashika juu ya kiwiko, nausukuma mfupa kuelekea miguuni, milimita chache, narudisha, nasukuma tena. Anayetazama haoni kitu. Mimi nasikia mkononi: mwanzo ni mgumu kama mlango uliokomewa kwa ndani, halafu baada ya dakika kadhaa unaanza kuachia, polepole, kama ngozi mbichi inavyonyooka ikivutwa. Hii ni wiki ya sita. Leo kiganja chake kimefika utosini. Alikaa nacho pale juu akitabasamu, akasema Ijumaa atavaa kanzu mwenyewe, mkewe apumzike.

Mgonjwa wa saa nne na nusu alifika saa tano na robo. Simu sikioni, bahasha kubwa ya picha za MRI kwapani. Akaniashiria nisubiri. Nikasubiri, na nje kwenye benchi kulikuwa na watu wanne.

"Dada, diski imetoka," akasema alipomaliza. "Nataka uirudishe. Bonyeza mara moja ilie, nina kikao saa sita."

Nilitazama picha. Kweli, diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, ile ya chini kabisa ya kiuno, chini ya pingili ya tano, ilikuwa imefura kwa nyuma na kuugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Miezi miwili mguu wa kulia unamwaka moto mpaka kisiginoni. Nikamweleza kwamba diski imeshikamana na pingili ya juu na ya chini, haichomoki ikarudishwa kama droo. Na ule mlio watu wanaoupenda ni hewa inayotengeneza kipovu ndani ya ute wa kiungo. Hakuna mfupa unaorudi mahali pake. Akasema kuna mtu anamfahamu, anakanyaga wagonjwa mgongoni na wanapona.

Nikamuuliza kama anapata shida ya kukojoa, kama choo kinamponyoka, kama ana ganzi katikati ya mapaja. Akakasirika. "Nimekuja kutibiwa mgongo, unaniuliza mambo ya chooni?" Swali hilo siliachi hata mgonjwa akinuna. Mishipa ya kibofu na ya haja kubwa inapita pale pale chini ya kiuno, na ikibanwa mtu anatakiwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Akajibu kwa mkato: hapana, hapana, hapana.

Nikamlaza chali, nikauinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya njia, akashika ukingo wa kitanda. Simu ikaita. Akapokea, mguu wake ukiwa mikononi mwangu, akaanza kuzungumzia kontena. Mguu wa mtu mzima ni mzito. Niliushusha taratibu, nikasimama pembeni, nikahesabu waliokuwa nje: sasa walikuwa sita, mmoja ana mtoto mgongoni.

Baadaye nikamgeuza kifudifudi. Nikaweka shina la kiganja kwenye pingili moja baada ya nyingine, nikibonyeza na kuachia, mpaka misuli ya pembeni iliyokuwa ngumu kama kamba ya mtumbwi ikaanza kulainika. Kisha nikamfundisha kujiinua kifua kwa mikono, nyonga zikibaki kitandani. Mara kumi, kila baada ya saa mbili. Njia hii ilienezwa na Robin McKenzie wa New Zealand, baada ya mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja kulala kimakosa akiwa amepinda kwa nyuma, na maumivu ya mguu yakaondoka.

"Mimi nimelipa kutibiwa, mazoezi ningefanya nyumbani," akasema. Alijiinua mara sita, akasema kiuno kinamuuma, akaanza kuvaa viatu. Nikamwambia asikilize jambo moja: maumivu yakihama kutoka mguuni yakarudi kiunoni, hata kiuno kikizidi kidogo, ni dalili njema, asiache. Simu ilikuwa imeshaita tena. Nikamwandikia namba yangu kwenye bahasha. Huko mapokezi nilimsikia akilalamika kwamba hajafanyiwa kitu.

Baada ya hapo sikuiangalia saa. Chai na chapati nilimalizia nimesimama, nikiwaomba radhi waliokaa benchi.

Mchana ule, sikumbuki kabla au baada ya mama mwenye mtoto, aliingia kijana mbeba magunia. Mgongo miezi minne, na kila mtu amemwambia ni mizigo. Nilishusha vidole taratibu kwenye uti wa mgongo, na katikati pingili moja ilikuwa imechomoza. Nilipoigusa kidogo tu aliruka. Nikauliza kuhusu jasho la usiku. Lipo, analoa. Uzito? Akanionyesha suruali aliyoikaza kwa kamba. Nikaondoa mikono. Kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo, na mahali kama hapo kubonyeza kunaweza kuvunja pingili.

"Kwa hiyo leo hunichui, dokta?"

"Leo hapana, mdogo wangu."

Nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari, nikiwa na barua mkononi. Niliogopa akitoka peke yake ataishia kwa mtu wa kumkanda.

Wengine walipita, mafaili yakaandikwa, giza likaingia. Kwenye daladala nilishikilia bomba kwa kiwiko, vidole vilishachoka. Nilikuwa nimetumbukiza tena mikono kwenye beseni simu ilipoita, namba nisiyoijua.

"Dada, umenizidishia. Kiuno kinauma kuliko asubuhi."

"Pole kaka. Mazoezi umefanya?"

"Mara tatu. Hapa sakafuni."

"Na mguu?"

Akanyamaza. Nilisikia akiinuka, akitembea, akirudi.

"Mguu hauumi."

"Ganzi je?"

"Hamna. Hauumi tu."

Nikamwambia afanye mara kumi nyingine kabla ya kulala.